Kwa Nini Soketi Huungua na Fyuzi Ikabaki Nzima

Harufu ya plastiki inayoungua ikisikika nyuma ya kabati, wengi hukimbilia kuangalia fyuzi. Wakiikuta nzima, hushangaa. Fyuzi hukatika kwa mkondo unaopita ndani yake yenyewe, na soketi inaweza kuungua bila mkondo huo kuongezeka hata kidogo.

Tuanze na waya. Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230. Gawa wati kwa volti: birika la wati 2,000 huvuta karibu ampea 8.7. Shaba hupitisha umeme vizuri, lakini haiupitishi bure. Sehemu ya nishati hugeuka joto njiani. Mwaka 1841 Mwingereza James Prescott Joule alionyesha kanuni ya joto hilo: ukinzani ukiongezeka mara mbili, joto nalo huongezeka mara mbili, ila mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Hapo ndipo watu wanaponaswa.

Chukua ekstensheni ya mita 5, ile nyembamba ya bei poa, yenye waya wa milimita za mraba 0.75. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 10 za shaba, zenye ukinzani wa takriban omu 0.26. Birika likiwa peke yake, waya mzima hutoa joto la wati 20 hivi. Ongeza pasi ya wati 1,200: mkondo unakaribia ampea 14, na joto linaruka hadi wati 50. Mzigo haujafika maradufu. Joto limeshapita hapo. Waya ulionyooshwa sakafuni hupozwa na hewa, lakini ukiviringishwa ukafungwa, au ukipitishwa chini ya zulia, joto hilo halina pa kwenda.

Na fyuzi ya ampea 13 kwenye plagi? Itatulia tu, maana imeundwa ibebe hata ampea 20 kwa nusu saa bila kukatika. (Wale wanaoziba nafasi yake kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara wajue kwamba fyuzi yao sasa ni waya wenyewe.) Ndiyo maana mafundi hutandika waya wa 1.5 kwenye taa na wa 2.5 kwenye soketi: unene huo hupunguza ukinzani.

Lakini hata waya mnene hausaidii kitu pale muungano unapolegea, na kwa maoni yangu huyu ndiye adui mkubwa kuliko waya mwembamba. Ndani ya soketi kuna vibano vinavyoshika miguu ya plagi. Vikilegea, mguu hugusana na kibano kwenye vinukta vichache tu, na ukinzani hupanda. Tuseme umefika nusu omu. Birika letu sasa litavuta ampea 8.5, na pale penye mguso patazuka joto la wati 36 hivi. Hicho ndicho kiasi ambacho fundi redio hutumia kuyeyushia risasi, nacho kimebanwa kwenye nafasi isiyozidi punje ya mahindi. Angalia mkondo: umeshuka kutoka 8.7. Kwa fyuzi, na kwa sakiti breka iliyoko ukutani, mambo ni shwari kuliko mwanzo.

Joto lenyewe huzidisha ubovu. Chuma hushika weusi, kibano hupoteza ukakamavu wake, mguso hupungua, ukinzani hupanda tena.

Ukitaka kupima, piga pasi kwa nusu saa, zima swichi ya soketi, chomoa plagi, kisha sogeza mgongo wa kiganja karibu na miguu yake. Vuguvugu ni kawaida. Mguu mmoja ukiwa moto kuliko mwenzake, au ukiwa umeshika weusi, huenda tundu lake ndilo lililolegea. Hapo cha kubadilisha kwanza ni soketi. Plagi mpya ukiichomeka kwenye kibano kilekile itaungua vilevile, na plagi iliyoungua ukiihamishia kwenye soketi nzima itaanza kuiharibu na hiyo.