Achari Haipiti Jikoni

Ukimwonya mtu kuhusu programu hasidi, jibu huwa tayari: mimi siingii tovuti za ovyo. Jibu hilo lingetosha kama ukurasa wa tovuti ungekuwa unatoka mahali pamoja. Hautoki. Juni 2024 kampuni ya usalama wa mtandao ya Sansec ilifichua kwamba tovuti zaidi ya 100,000, ikiwemo maktaba ya kitaaluma ya JSTOR, zilikuwa zikiita msimbo kutoka polyfill.io, anwani iliyonunuliwa Februari mwaka huo na kampuni ya Kichina, Funnull. Hakuna aliyevunja mlango wa JSTOR. Haikuwa lazima.

Polyfill ni msimbo unaokiwezesha kivinjari cha zamani kufanya mambo mapya. Mwenye tovuti huandika mstari mmoja tu unaokituma kivinjari chako: nenda kalichukue faili pale. Chukulia mgahawa wenye sifa mjini. Pilau inapikwa humo humo, mwenyewe akiangalia, lakini achari inaletwa na mtu wa nje, naye haipitishi jikoni. Anaiweka moja kwa moja mezani kwako. Siku akiiuza biashara yake, bakuli ni lile lile na saa ni ile ile. Mpishi haonji, hana habari. Mnunuzi mpya naye anakutazama kwanza u nani, ndipo aamue akuwekee bakuli lipi.

Huko kutazama ndiko ufundi wenyewe ulipo. Msimbo hasidi uliotiwa ndani ya faili uliamka kwenye baadhi ya simu tu, tena saa maalumu. Ukimtambua msimamizi wa tovuti, ulinyamaza. Ukikuta programu ya takwimu za wageni, ulijichelewesha. Aliyelengwa alirushwa kwenye tovuti ya kubeti kupitia googie-anaiytics.com. Soma polepole: kila penye l pamewekwa i.

Mbona kuna alama ya kufuli? Kufuli huthibitisha kwamba faili limetoka kwenye anwani iliyotajwa bila kuchezewa njiani, na hili lilitoka huko huko. Hoja ya wahandisi ni nzito zaidi: kivinjari kinaweza kuagizwa kilipigie faili hesabu, na jibu lisipolingana na lililoandikwa ukurasani, kilikatae. Kinga safi kabisa, ila polyfill.io ilitoa faili tofauti kulingana na aina ya kivinjari, kwa hiyo hapakuwa na jibu moja la kulinganisha. Na anayeona kubeti si wizi akumbuke British Airways, 2018: mistari 22 tu ya msimbo ilitosha kunakili kadi za benki za abiria waliokuwa wakilipa kwenye tovuti halisi ya shirika.

Namecheap, msajili wa anwani ya polyfill.io, aliifunga siku chache baada ya ripoti. Andrew Betts, aliyeibuni huduma hiyo, alikuwa amezitaka tovuti ziufute mstari ule tangu Februari, kwa maelezo kwamba hakuna tovuti ya leo inayouhitaji.