Kongoo ya Maseno na Nafasi ya Mwanafunzi wa Kiswahili

Miaka ya hivi karibuni imeshuhudia Kiswahili kikipandishwa daraja moja baada ya jingine. Mnamo Novemba 2021, UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na Februari 2022 Umoja wa Afrika ukaipokea lugha hii kuwa mojawapo ya lugha zake za kazi. Mafanikio haya yalisherehekewa kwa makongamano, mashairi na hotuba, na ilistahili iwe hivyo. Hata hivyo, katika mwaka huohuo wa 2022 palitolewa ripoti ya kazi nyingine ambayo haikupigiwa vigelegele katika idara nyingi za Kiswahili, ijapokuwa huenda ikawa na athari za kudumu zaidi kwa lugha yenyewe. Kazi hiyo ni Kencorpus, kongoo ya lugha tatu za Kenya: Kiswahili, Dholuo na Kiluhya.

Mradi huu ulitekelezwa na wasomi wa Chuo Kikuu cha Maseno, Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Africa Nazarene. Majina yaliyo kwenye ripoti ni ya Barack Wanjawa, Lilian Wanzare, Florence Indede, Owen McOnyango, Edward Ombui na Lawrence Muchemi. Anayeyafahamu majina haya atatambua mara moja kuwa hapa wamekutana wataalamu wa kompyuta na wataalamu wa lugha. Mkutano wa aina hii ni nadra katika vyuo vyetu, ambamo kitivo cha sayansi na kile cha sanaa aghalabu hukutana siku ya mahafali tu.

Kabla ya kuendelea, yafaa istilahi yenyewe ifafanuliwe. Kongoo ni mkusanyiko mkubwa wa matini za lugha, ziwe za maandishi au za sauti, uliopangwa kwa namna inayoiwezesha kompyuta kuusoma, kuutafuta na kuuchanganua. Kongoo si maktaba. Katika maktaba kitabu hukaa kikimsubiri msomaji, ilhali katika kongoo maneno yenyewe ndiyo husomwa na mashine, tena na tena, mpaka mashine itambue ni neno gani huandamana na lipi, na katika muktadha upi. Mifumo ya akili unde inayotafsiri, inayojibu maswali au inayogeuza usemi kuwa maandishi hujifunza kwa njia hii. Lugha isiyo na kongoo ya kutosha hubakia nje ya mlango, hata kama wazungumzaji wake ni mamilioni.

Ifahamike kuwa Kiswahili hakikuwa mikono mitupu. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alikwisha kuunda programu za kuchanganua mofolojia ya Kiswahili tangu miongo ya mwisho ya karne iliyopita, na Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki, katika toleo lake la pili la mwaka 2016, ina maneno yapatayo milioni 25. Lakini matini zake kwa sehemu kubwa ni za Tanzania: magazeti, taarifa za Bunge na vitabu. Kiswahili cha mwanafunzi wa Busia, cha mtangazaji wa Kisumu au cha mzee wa Vihiga anayesimulia ngano hakimo humo, au kimo kwa kiasi kidogo mno. Na jambo la kusikitisha, kwa anayependa kusikitika, ni kwamba kwa miaka mingi mtafiti wa Kenya aliyetaka kuchunguza Kiswahili kwa njia ya kompyuta alilazimika kubisha hodi Ufini.

Kencorpus ilikusudia kulijaza pengo hilo. Watafiti walitumwa kukusanya data katika jamii, shuleni, katika vyombo vya habari na kwa wachapishaji. Hatimaye zilipatikana kazi 5,594: matini 4,442 zenye maneno milioni 5.6, na faili za sauti 1,152 zenye muda wa saa 177. Kwa upande wa Kiluhya zilichukuliwa lahaja tatu, yaani Lumarachi, Lulogooli na Lubukusu. Uteuzi huu una mantiki ya kijiografia. Maseno ipo kwenye mpaka wa kaunti za Kisumu na Vihiga, mahali ambapo Dholuo na Kiluhya hupakana, na Kiswahili huwa ndicho daraja sokoni na shuleni.

Ni sharti ikubaliwe kwamba maneno milioni 5.6 ni machache yakilinganishwa na yale ambayo mifumo mikubwa ya Kiingereza hulishwa. Thamani ya kongoo hii haiko katika wingi wake tu. Iko pia katika kazi zilizofanywa juu yake, na hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopaswa kutega sikio.

Kazi ya kwanza ni ile ya maswali na majibu, iliyopewa jina la KenSwQuAD. Kati ya matini 2,585 za Kiswahili zilizokuwapo, ziliteuliwa 1,445, na kila moja ikatungiwa maswali yasiyopungua matano pamoja na majibu yake. Zilipatikana jozi 7,526. Kisha asilimia 12.5 ya matini hizo zilikaguliwa upya ili kuthibitisha kuwa majibu yanalingana na maswali. Msomaji aliyepitia Karatasi ya Pili ya KCSE atatabasamu hapa, kwa kuwa kazi hii si nyingine ila ufahamu. Tofauti ni kwamba safari hii mtahiniwa ni mashine. Mtunzi wa swali anapaswa kujua jibu limo katika sentensi ipi, limesemwa waziwazi au limedokezwa, na kama swali lenyewe halina utata. Maarifa haya hayatoki katika idara ya kompyuta. Yanatoka katika darasa la ufundishaji wa lugha.

Mfumo wa majaribio uliofunzwa kwa jozi hizo ulifikia asilimia 80 kwa kigezo kinachodai jibu la mashine lilingane na jibu la binadamu herufi kwa herufi. Kigezo hiki ni kikali. Tuseme ngano inasimulia jinsi sungura alivyomhadaa fisi, na swali ni nani aliyehadaiwa. Ikiwa binadamu aliandika “fisi” nayo mashine ikajibu “fisi mlafi”, mashine imekosea, ijapokuwa hakuna mwalimu ambaye angemnyima mwanafunzi alama kwa jibu hilo. Kwa hivyo asilimia 80 inaweza kuficha uelewa mkubwa zaidi. Inaweza pia kuficha udhaifu, iwapo maswali mengi yalikuwa mepesi. Kulipima hilo kunahitaji mtu anayelijua suala la viwango vya maswali, si anayejua kuhesabu tu.

Kazi ya pili ni ya unukuzi wa usemi. Mfumo wa majaribio wa kugeuza Kiswahili cha kusemwa kuwa maandishi ulikuwa na kiwango cha makosa cha asilimia 18.87, yaani takriban makosa 19 katika kila maneno 100. Takwimu hii nayo haina budi kusomwa kwa jicho la mwanaisimu. Kigezo hicho huhesabu maneno yaliyobadilishwa, yaliyoachwa na yaliyoongezwa. Mashine ikisikia “hawakumwona” na kuandika “hawa kumwona”, imefanya makosa mawili kwa hesabu hiyo: imebadilisha neno moja na kuongeza jingine. Msomaji wa kawaida, naye, angeona nafasi tu iliyowekwa pasipofaa. Kwa upande mwingine, ikisikia “hatukumwambia” na kuandika “hatukuwaambia”, kosa ni moja tu, lakini sasa walioachwa gizani si mtu mmoja tena bali ni kundi zima. Kiswahili ni lugha ambishi bainishi: kitenzi kimoja hubeba kiima, wakati, yambwa, mzizi na mnyambuliko. Kigezo kilichobuniwa kwa lugha ambazo neno lake ni kipande kidogo hakiwezi kuhamishiwa huku bila kuhojiwa. Huu ni uwanja wa tasnifu nzima, na anayeweza kuiandika ni yule aliyeketi katika somo la mofolojia akalielewa.

Kazi ya tatu ni ya kuyabainisha maneno kwa aina zake. Katika Kencorpus, maneno 50,000 ya Dholuo na 93,000 ya lahaja za Kiluhya yaliwekewa alama za aina za maneno. Jambo hili laonekana dogo mpaka mtu ajaribu kulifanya. Chukua Kiswahili chenyewe. Neno “huyu” katika “mtoto huyu” ni kivumishi, na katika “huyu amekuja” ni kiwakilishi. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza hulijua hilo, lakini mashine sharti iambiwe. Neno “paa” laweza kuwa mnyama, sehemu ya nyumba au tendo la kwenda juu. Na je, “wa” katika “watoto wa shule” ni neno la aina gani? Vitabu vya sarufi havikubaliani: kuna wanaoliweka miongoni mwa vivumishi kwa jina la a-unganifu, na kuna wanaoliona kuwa kihusishi. Darasani tofauti hii humalizwa kwa kauli ya mhadhiri. Katika kongoo haiwezi kumalizwa hivyo, maadamu watu wawili wanaoweka alama kwa misingi tofauti wataifunza mashine mkanganyiko. Kwa namna hii teknolojia inawarudisha wanasarufi kwenye mjadala walioudhani umekwisha, na pengine hilo ndilo jema lake kubwa kuliko yote.

Kuna pia sentensi 13,400 zilizotafsiriwa kutoka Dholuo na Kiluhya kwa Kiswahili. Mwelekeo wa tafsiri hii unastahili kuzingatiwa. Aghalabu lugha za Kiafrika hukutanishwa kwa kupitia Kiingereza, kana kwamba jirani hawezi kumsalimu jirani ila kwa mkalimani wa ng’ambo. Hapa zimekutanishwa moja kwa moja. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na wakati huohuo inaitaka serikali ilinde anuwai ya lugha za wananchi. Wapo waliohofu kuwa mambo haya mawili yanapingana, kwamba Kiswahili kikinawiri lugha za mama zitafifia. Jozi hizo za sentensi zinaonyesha kuwa Kiswahili chaweza kuwa mlango wa lugha hizo badala ya kaburi lao, mradi kazi ifanywe kwa makusudi.

Hata hivyo, yapo maswali ambayo mradi wowote wa namna hii huyaibua. La kwanza ni la usanifu. Matini ikitoka kwa mwanafunzi wa shule ya msingi, yenye “kitabu yangu” au neno la Sheng katikati, je, isahihishwe kabla ya kuingizwa? Ikisahihishwa, mashine itajifunza Kiswahili ambacho watumiaji wake hawakizungumzi. Ikiachwa, huenda siku moja ikamfundisha mtoto mwingine kosa hilohilo. Njia ya busara ni kuihifadhi matini ilivyo na kuiwekea maelezo ya chanzo chake, ili mtumiaji aamue mwenyewe. Swali la pili ni la umiliki. Mzee anayerekodiwa akisimulia ngano anatoa mali ya ukoo wake, na idhini yake haipaswi kuwa sahihi tu kwenye karatasi asiyoisoma. Wanafunzi wa fasihi simulizi, ambao hufunzwa maadili ya utafiti nyanjani, wana la kusema hapa kuliko mhandisi yeyote.

Data za Kencorpus zimewekwa wazi kwa watafiti, na idara isiyo na maabara ya kisasa inaweza kuzitumia kwa kompyuta ya kawaida. Kwa mujibu wa hesabu za ripoti, zilisalia matini 1,140 za Kiswahili ambazo hazikutungiwa maswali. Darasa la wanafunzi 38 wa mwaka wa tatu, wakigawana matini 30 kila mmoja katika muhula mmoja, lingeweza kuzimaliza.