Jenereta ya Bei Rahisi au ya Bei Kubwa? Hesabu Saa Kwanza

Ndugu mkulima wa Lumakanda, mahindi yakiisha kuuzwa na fedha zikiwa mkononi, ndipo wenye maduka wanapokuita. Ukienda Turbo au Eldoret utaziona jenereta mbili zimewekwa pamoja. Zote zina rangi nzuri, na zote hutumia petroli. Lakini bei ya moja ni mara nne ya bei ya mwenzake. Je, utanunua ipi?

Serikali ilipoanza mwaka 1962 mpango wa kuwagawia wananchi ekari milioni moja za mashamba ya walowezi, wazee waliokuja kukaa katika skimu walipewa ardhi kwa mkopo, na mkopo mwingine wa ng'ombe na ua. Wakajifunza jambo moja: ng'ombe akifa kabla ya deni kwisha, deni halifi naye. Mashine nayo ni hivyo hivyo. Basi tufanye hesabu kabla ya kutoa fedha.

KWANZA UIJUE KAZI YAKO

Usiulize bei mpaka umeandika kwenye karatasi vitu utakavyoviwasha kwa wakati mmoja. Taa za nyumba, televisheni na simu pamoja hazizidi wati 300. Taa mbili za kuwapasha vifaranga joto, za wati 250 kila moja, ni wati 500.

Mota ni shauri jingine. Pampu ya maji ya nguvu ya farasi 1 hula kama wati 1,000 ikiwa inafanya kazi, lakini wakati wa kuanza hutaka mara tatu ya hizo au zaidi. Kwa hiyo jenereta ya wati 1,500 itanguruma tu, na maji hayatapanda. Mashine ya kukata majani ya ng'ombe yenye mota ya nguvu ya farasi 3 inazishinda jenereta nyingi za kubebwa kwa mkono. Kwa kazi hiyo, afadhali ununue mashine yenye injini yake yenyewe. Na kinu cha posho usikifikirie kabisa.

Tena kumbuka kwamba sisi tunakaa juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi, na injini ya petroli hupoteza karibu sehemu moja kati ya sita ya nguvu zake. Jenereta iliyoandikwa wati 2,400 itakupa kama 2,000. Soma kibati kwa makini: nambari iliyo karibu na neno "max" ni nguvu ya dakika chache tu. Nambari ya "rated" ndiyo ya kazi ya mfululizo. Ifuate hiyo.

HESABU YA SAA

Watu husema rahisi ni ghali. Si kweli siku zote. Tuseme jenereta ya bei rahisi ni Sh. 30,000 na itafanya kazi saa 500 kabla ya kuchoka. Tuseme ile ya bei kubwa ni Sh. 120,000 na itafanya kazi saa 3,000.

Kama nyumba yako ina umeme wa Kenya Power, na unataka jenereta ya kukusaidia umeme unapokatika wakati wa mvua, huenda utaiwasha saa 2 kwa juma. Hizo ni saa 104 kwa mwaka. Ile ya rahisi itakaa karibu miaka 5. Hapo hakuna sababu ya kufungia Sh. 90,000 zaidi ndani ya chuma, wakati shamba linataka mbolea.

Lakini kama unaiwasha saa 3 kila siku, ile ya rahisi itakwisha kabla ya miezi sita. Ili upate saa 3,000 itakubidi ununue sita, yaani Sh. 180,000. Hapo ile ya bei kubwa ndiyo iliyo rahisi.

Tena usiisahau petroli. Ikinywa lita 1 kwa saa, na tuseme lita ni Sh. 180, saa 3 kila siku ni Sh. 197,100 kwa mwaka. Petroli imeishinda bei ya mashine zote mbili! Lita moja haitoi zaidi ya uniti 2 za umeme hivi, basi uniti moja inakugharimu kama Sh. 90, na ile ya Kenya Power ni rahisi kuliko hiyo kwa mbali. Mtu anayehitaji umeme kila siku na aombe kuunganishwa, au afikirie sola. Jenereta ni ya dharura.

BEI KUBWA INANUNUA NINI?

Mara nyingi inanunua koili za shaba badala ya alumini, kidhibiti cha volti kilicho imara, na injini inayojizima oili ikipungua. Zile za aina ya inveta hupunguza mwendo kazi ikiwa ndogo, kwa hiyo hunywa petroli kidogo. Jenereta ya kawaida huzunguka mara 3,000 kwa dakika hata ukiwasha taa moja tu. Mwenye mashine ya kuangulia mayai asichezee volti, kwa maana umeme unaopanda na kushuka waweza kumharibia mayai yote.

Ile ya rahisi nayo ina sifa yake. Plagi na kabureta zake hupatikana upesi, na fundi wa karibu anazijua. Kwa hiyo muulize fundi wako kabla ya kununua. Dai risiti na barua ya dhamana, tazama alama ya KEBS, na ujihadhari na jina la kampuni maarufu lililobadilishwa herufi moja.

UKISHA KUNUNUA

Jenereta nyingi hutoka kiwandani bila oili. Mtu hutia petroli, akavuta kamba, na mashine ikafa siku ile ile. Tia oili kwanza. Imwage na kutia mpya baada ya saa 20 za mwanzo, kisha kila saa 100 au miezi sita. Kama utaiweka muda mrefu, mwaga petroli iliyobaki.

Usiwashe jenereta ndani ya nyumba, wala barazani, wala ndani ya banda la vifaranga. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu waliolala. Iweke mbali, mita 6 au zaidi, moshi uelekee upande usio na madirisha. Wala usiichomeke kwenye soketi ya nyumba. Umeme utarudi kwenye nyaya za nje na kumwua fundi aliye juu ya nguzo. Mwite fundi mwenye leseni akuwekee swichi ya kubadilisha.

Basi, ndugu mkulima, usiende dukani kabla ya kuandika mambo mawili: wati unazozihitaji, na saa utakazoitumia kwa mwaka. Mwenye duka akikuonyesha rangi, wewe mwonyeshe karatasi yako.