Kuvunjika kwa Koleo si Mwisho wa Uhunzi

Wapo wanaoamini kwamba mashine yenye nguvu za ajabu haina budi kutoka katika kiwanda kikubwa, chini ya mainjinia wenye shahada. Yafaa watu hao waizingatie habari ya magari ya mbio fupi yaliyoundwa na mafundi wa Marekani katika karakana za uani mwa nyumba zao, mara nyingi kwa vyuma vilivyotolewa katika magari mabovu. Habari hiyo ina funzo kwa fundi, na ina funzo kubwa zaidi kwa kiongozi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, vijana wengi wa California walirejea makwao wakiwa na ujuzi wa injini na kiu ya mwendo. Walinunua Ford kuukuu za miaka ya 1930, wakazipunguza uzito na kuziongeza nguvu, kisha wakashindana usiku katika barabara za watu wote. Raia waliingiwa na hofu, na wengi walitaka vijana hao washikwe na magari yao yatwaliwe.

Palitokea, hata hivyo, watu waliopima jambo hilo kwa mizani nyingine. Mwaka 1950 sehemu ya uwanja wa ndege wa Santa Ana ilianza kutumiwa kwa mashindano yenye utaratibu. Mwaka 1951 Wally Parks alianzisha chama cha taifa, NHRA. Mwaka 1954 chama hicho kilituma watu wanne, mmoja wao aliyewahi kuwa askari polisi, wazunguke nchini kuwafundisha wenyeji namna ya kupima uwanja, kukagua magari na kuwalinda watazamaji. Ziara hiyo waliipa jina la Safari, neno letu wenyewe.

Sasa na tuitazame kazi ya fundi. Magari mawili husimama sambamba, kisha hukimbia robo maili, yaani meta 402. Shida si kupata nguvu peke yake, bali kuifikisha nguvu hiyo ardhini, kwani magurudumu ya nyuma yasipokandamizwa na uzito huzunguka bure na kutoa moshi. Ndiyo sababu mafundi waliisogeza injini nyuma kadiri walivyoweza, na dereva wakamweka nyuma yake, mwishoni kabisa mwa gari, giaboksi ikiwa baina ya miguu yake. Gari la namna hiyo liliitwa manati, kwa kuwa dereva alikaa mithili ya jiwe katika mpira uliovutwa.

Fremu ilikuwa ya mabomba ya chuma yaliyochomelewa kwa mkono. Juu ya injini iliwekwa mashine ya kusukuma hewa, iliyobuniwa kwa ajili ya injini za dizeli za General Motors. Badala ya petroli, walio hodari walitumia nitromethani. Kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Nitromethani huhitaji kilo 1.7 tu, kwa sababu imebeba oksijeni yake yenyewe. Hivyo injini ile ile huweza kuunguza mafuta mengi zaidi kwa pumzi moja.

Lakini nguvu hiyo haimvumilii mzembe. Mafuta yakipungua kidogo, pistoni huungua. Yakizidi, plagi huzimika. Fundi mwenye akili hubadili kitu kimoja tu kwa wakati, huandika alichokibadili, na baada ya kila mbio hufungua plagi na kuisoma rangi yake kama tabibu atazamavyo ulimi wa mgonjwa. Hajitapi kwa kelele za injini. Hujitapa kwa daftari lake.

Don Garlits wa Tampa, Florida, alikuwa mmoja wa mabingwa wa kazi hiyo. Tarehe 8 Machi 1970, katika uwanja wa Lions huko Long Beach, giaboksi ya gari lake ilipasuka pale pale mstarini. Gari lilikatika vipande viwili, na Garlits akapoteza sehemu ya mguu wake wa kulia. Mtazamaji mmoja kijana naye alijeruhiwa vibaya mkono.

Ajali haina kinga, hunena wahenga. Garlits hakuridhika na jawabu hilo. Alijiuliza kwa nini dereva akae nyuma ya vyuma vinavyoweza kupasuka. Wengine walikwisha kujaribu kuiweka injini nyuma ya dereva, na magari yao yakayumba. Yeye na wenzake walilijaribu gari lao tena na tena, hata walipoufanya usukani uitikie polepole zaidi, likatulia. Mwaka 1971 alishinda nalo huko Pomona, na baada ya miaka michache manati yakatoweka katika daraja ya juu ya mashindano hayo.

Yatupasa tuzingatie mambo mawili. Kwanza, vijana wale hawakuokolewa na marufuku pekee; walipewa kipande cha ardhi, mkaguzi ajuaye chuma, na kanuni zilizoandikwa. Pili, kanuni hizo hazikutosha siku ile ya Machi, na ilibidi fundi aliyeumia awaonyeshe wenziwe njia.

Visiwani mwetu pia, kijana mwenye spana mkononi anaweza kuwa khatari au akawa hazina. Wakuu wetu wanaoandika amri za kukataza wangefanya vyema kuandika, katika karatasi ile ile, mahali ambapo kijana huyo ataruhusiwa kufanya kazi yake, na jina la atakayemkagua.