Je, Wajua? Namba za Ajabu za Kihisi cha Joto na Unyevu

Je, wajua kwamba DHT22, kile kihisi cheupe chenye matundu usoni ambacho mafundi wengi wa nyumba janja huanzia nacho, hutuma habari zake zote kwa biti 40 tu? Kumi na sita za unyevu, kumi na sita za joto, na nane za mwisho za kuhakiki kwamba hakuna kilichoharibika njiani. Arobaini, basi!

Na zote hupita kwenye waya mmoja. Waya ukikaa juu kwa maikrosekunde 26 hadi 28, hiyo ni sifuri. Ukikaa juu kwa maikrosekunde 70, hiyo ni moja. Sasa kumbuka kwamba sekunde moja ina maikrosekunde milioni moja! Tofauti kati ya sifuri na moja ni muda mfupi kiasi kwamba hata mwanga, ambao hakuna kinachoushinda mbio, hupata kwenda kilomita 13 tu hivi.

Umeona sasa kwa nini kihisi hukosea wakati mwingine? Chipu inayokisoma, tuseme ESP8266, ikigeuka kidogo kushughulikia Wi-Fi katikati ya hesabu hiyo, biti moja husomwa vibaya na usomaji mzima hutupwa. Skrini inaandika "nan", nawe unadhani kihisi kimekufa. Hakijafa! Ngoja usomaji unaofuata, mara nyingi utakuja mzima.

Je, wajua kwamba hiyo "nan" hailingani na kitu chochote, hata na yenyewe? Ndivyo kanuni ya hesabu za kompyuta ya IEEE 754 ilivyoamua tangu mwaka 1985. Iulize programu kama nan ni sawa na nan, itakujibu hapana! Kwa hiyo usiikamate kwa alama ya usawa; tumia amri ya isnan, iliyowekwa kwa kazi hiyo.

Chukua kalamu, hapa pana utamu. Tuseme unyevu ni asilimia 65.2 na joto ni nyuzi 31.4. Kihisi hakijui nukta, kwa hiyo kinatuma 652 na 314. Baiti moja haiwezi kubeba zaidi ya 255, basi 652 inakatwa kuwa 2 na 140 (yaani 256 mara mbili, ongeza 140), na 314 inakatwa kuwa 1 na 58. Jumlisha: 2 na 140 na 1 na 58. Umepata 201? Hiyo 201 ndiyo baiti ya tano, ile ya uhakiki! Chipu nayo inajumlisha upya, na ikipata 200 au 202 inakataa usomaji wote.

Lakini uhakiki huo una tundu. Sifuri nne zikijumlishwa ni sifuri, kwa hiyo biti 40 za sifuri tupu hupita bila swali! Ukiona joto 0.0 na unyevu 0.0 sebuleni kwako Tanga, usiite jirani kuja kutazama theluji. Kagua waya wa data.

Je, wajua kwamba DHT22 ina pini nne, na ya tatu haifanyi kazi yoyote? Iache ilivyo. Ila kati ya waya wa data na ule wa umeme unaoingia panatakiwa rezista ya kilo-ohm 4.7 hadi 10, kwa sababu kihisi kinajua kuuvuta waya chini tu. Rezista ndiyo inayourudisha juu! Vihisi vilivyokwisha kupachikwa kwenye kibao cha pini tatu mara nyingi huja nayo. Chenye pini nne, utaiweka mwenyewe.

Na pini za bodi nazo! Kwenye bodi ya NodeMCU, palipoandikwa D4 ndani ya chipu ni pini namba 2, na palipoandikwa D1 ni namba 5. Ukiandika 4 kwenye programu huku waya uko D4, utakesha. Kwenye chipu ya ESP32 ya kawaida, pini 34 hadi 39 hupokea tu, haziwezi kutuma hata neno. DHT22 haijibu mpaka iitwe: chipu lazima kwanza iuvute waya chini kwa angalau milisekunde moja. Pini isiyoweza kuita haitajibiwa milele.

Je, wajua kwamba kihisi hiki hakitaki kuulizwa zaidi ya mara moja kila sekunde mbili? Ukiharakisha, maktaba ya programu ya Adafruit haitagombana nawe, itakurudishia jibu lile la zamani. Ndiyo maana unapulizia pumzi mara moja, na namba haijatikisika!

Jaribu kupulizia taratibu, hesabu mbili tatu, utazame. Pumzi yako ina joto la nyuzi 34 hivi na unyevu unaokaribia asilimia 100. Kihisi kizima lazima kiruke. Kisiporuka, kina tatizo.

Sasa sogea kwa ndugu yake DS18B20, kile cha joto tu ambacho mara nyingi huuzwa ndani ya kijiti cha chuma. Kila kimoja huzaliwa na namba yake ya biti 64, na hakuna kingine duniani kilichokusudiwa kuwa nayo! Na je, wajua kwa nini wakati mwingine kinasema nyuzi 85 kamili wakati chumba ni baridi? Ndiyo namba kinayoamka nayo kinapopata umeme. Kipimo kamili huchukua hadi milisekunde 750, na wewe umekisoma kabla hakijamaliza, au umeme wake umekatika kidogo kikaanza upya.

Kikisema nyuzi 127 chini ya sifuri, je? Hewa ya baridi kuliko zote iliyowahi kupimwa usoni pa dunia ilikuwa nyuzi 89.2 chini ya sifuri, kituo cha Vostok huko Antaktika, Julai 1983. Nyumba yako haijaishinda Antaktika! Hiyo ni alama tu ambayo maktaba ya programu huitoa isiposikia kihisi: waya umechomoka.

Je, wajua kwamba vihisi vya BME280 na BMP280 vinafanana kiasi kwamba ni rahisi kuvichanganya, na kimoja hakipimi unyevu kabisa? Kiulize chenyewe. BME280 hujitambulisha kwa namba 0x60, BMP280 kwa 0x58. Ukilipia unyevu ukapewa 0x58, rudi dukani.

Vyote viwili hupima pia kanieneo ya hewa, na hapa Nairobi huwashangaza wengi. Kihisi kinasoma hektopaskali 820 hivi wakati kule Mombasa mwenzako anapata 1,010. Hakijaharibika, Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari! Kwa sababu hiyohiyo maji ya Nairobi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ukitaka kukagua kijiti chako cha joto, bora barafu iliyosagwa na maji kidogo: nyuzi sifuri, Nairobi hadi Lamu.

Je, wajua kwamba bodi yenyewe hudanganya kihisi? ESP8266 ikirusha Wi-Fi inaweza kula hadi miliampea 170, na joto lake hupanda hadi kwenye kihisi kilichofungiwa naye kwenye boksi moja. Ubaya ni maradufu! Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 60 ikipata nyuzi moja ya ziada, unyevu unaosomwa hushuka kwa pointi tatu hivi. Kosa moja, namba mbili zimeharibika. Kitoe nje kwa waya mfupi, kiwe chini ya bodi wala si juu yake, na mara nyingi tatizo limekwisha.

Na unyevu wa DHT22 ukiganda kwenye 99.9 usiku na mchana? Kihisi kimelewa unyevu, na kuna dawa. Karatasi ya maelezo yake inasema kikae saa 2 kwenye joto la nyuzi 50 hadi 60 pakavu, unyevu chini ya asilimia 10, kisha saa 5 kwenye nyuzi 20 hadi 30 penye unyevu wa zaidi ya asilimia 70. Wa pwani, hatua ya pili mtafanyiwa bure na hewa ya usiku!

Je, wajua kwamba mwaka 1783 mwanasayansi wa Geneva, Horace-Bénédict de Saussure, aliandika kitabu kuhusu kupima unyevu, na kifaa chake kilitumia unywele wa binadamu? Unywele hurefuka hewa ikiwa na unyevu, hufupika ikikauka. Hakikuhitaji betri wala waya!

Na hiki ndicho nikipendacho kuliko vyote: jikoni kwako pana kipimo cha unyevu cha kuaminika. Chumvi ya kawaida iliyolowana, kwenye chombo kilichofungwa, huiweka hewa yake kwenye asilimia 75, iwe nyuzi 20 au 30! Tia chumvi kwenye kifuniko cha chupa, dondoshea maji kidogo mpaka iwe uji mzito, uifungie ndani ya chombo kisichopitisha hewa pamoja na kihisi. Visigusane, maana chumvi itakiua. Acha usiku kucha, asubuhi soma namba. Ukiona 71, kihisi chako kinapunguza 4. Ziongeze kwenye programu, ukaendelee na kazi.