Seli Nyeusi Zilizo Nyuma ya Retina

Nuru ile ile ituwezeshayo kuona yaweza pia kulidhuru jicho, wala si sharti iwe kali kama ya jua la adhuhuri. Kwamba jua huunguza jicho la mwenye kulikodolea, hilo lilijulikana tangu kale. Lakini mwaka 1966 Werner Noell na wenziwe, huko Marekani, walipowaweka panya kwenye mwanga wa kawaida usiofikia hata kidogo kiasi cha kuunguza, wakakuta kwamba seli zipokeazo nuru katika retina ya macho ya wanyama wale zimeharibika, ilidhihirika kuwa dhara hili halitokani na joto peke yake, bali lina asili ya kikemia.

Nyuma ya seli hizo pana safu moja tu ya seli nyingine, aghalabu za pembe sita, zilizojaa chembe za melanini, ambayo ndiyo rangi itiayo weusi nywele na ngozi. Kazi yao ni nzito ajabu: kila siku seli zipokeazo nuru humega ncha zao na kuziotesha upya, na mabaki hayo yote hulazimika kumezwa na kusagwa na seli hizi nyeusi, ambazo kwa kawaida hazigawanyiki, hata mtu wa miaka 80 akawa bado anazitegemea zile zile za utoto wake. Ncha hizo zimejaa mafuta ya jinsi ya yale yapatikanayo katika samaki, na kila aliyeacha mafuta hayo wazi juani ajua jinsi yanavyochacha upesi.

Ili mafuta yaharibike hivyo zatakiwa nuru, oksijeni na kitu cha kuinasa nuru hiyo, na vyote vitatu vimekutana hapa. Oksijeni huletwa kwa wingi na damu ya koroidi, mtandao wa mishipa ulio nyuma ya safu hii. Mnasaji ni lipofusini, takataka ambazo seli imeshindwa kuzisaga, zikalundikana humo mwaka baada ya mwaka. Tabibu akizimulika kwa mwanga wa buluu huziona ziking'aa manjano. Lipofusini ikipigwa na mwanga huo, hasa wa mawimbi mafupi ya nanomita 400 hadi 500, huikabidhi oksijeni nishati, nayo oksijeni ikageuka kuwa kali, ikashambulia mafuta, protini na hata chembe za urithi. Ukali huo ukizidi nguvu za kinga ya seli, ndipo wataalamu husema seli imo katika mkazo wa oksidisho.

Na melanini je? Ujanani ni mlinzi mwema, hunyonya nuru iliyopotea njia na kuzituliza kemikali kali. Lakini hupungua kadiri umri unavyosogea, na majaribio ya maabara yameonyesha kuwa ile iliyozeeka, ikipigwa na nuru, yaweza yenyewe kuzalisha sumu ile ile iliyokuwa ikiizuia. Kwa rai yangu hapa ndipo penye uzito kuliko katika hofu ya skrini za simu, ambazo mwanga wake ni hafifu mno ukilinganishwa na wa mchana.

Kuhusu dawa za kuupunguza mkazo huo wa oksidisho, utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2001 uliona kwamba vitamini C na E, beta-karotini na zinki, pamoja na shaba kidogo, vilipunguza kwa takribani robo hatari ya ugonjwa wa retina wa uzeeni kufikia hatua mbaya, kwa wale waliokwisha kuwa na dalili zake za kati. Beta-karotini ilikuja kuondolewa kwa kuwa huwaongezea wavutaji tumbaku hatari ya saratani ya mapafu, na tangu 2013 mahali pake pamechukuliwa na luteini na zeaksanthini, rangi za manjano ambazo katikati ya retina huuchuja mwanga wa buluu kabla haujafika nyuma.