Umisionari wa Wawili: Mimi, Mume Wangu na Kakuma

Ukisikia neno "mmisionari", bila shaka unamwona Mzungu mwenye ndevu akishuka melini na Biblia mkononi. Picha hiyo iweke kando. Mimi ni Mtanzania, mume wangu pia, na kuanzia 2023 hadi 2025 tulikuwa wamisionari Kakuma, kaskazini-magharibi mwa Kenya. Kambi hiyo ilianza 1992 kwa kupokea vijana waliokimbia vita vya Sudan. Ukijumlisha na makazi ya jirani ya Kalobeyei, leo ina wakimbizi zaidi ya 200,000: Wasudani Kusini, Wasomali, Wakongo, Warundi, Waethiopia na wengineo.

Kanisa lipo tayari

Wengi hudhani mmisionari anapeleka kanisa. Kambini unalikuta. Wakongo wanaimba kwa Kiswahili na Kilingala mpaka mabati yanatetemeka, Wasudani Kusini wanasali kwa Kidinka, na wachungaji wao ni wakimbizi kama wao. Kwa hiyo mume wangu hakuhubiri sana. Kazi yake ilikuwa kusoma Biblia na wachungaji hao jioni. Mimi nilikaa na akina mama, tunashona, tunapiga stori, tunalia.

Usiuze ubatizo

Siku moja mama mmoja akaniuliza: "Mama Mchungaji, nikibatizwa kwenu, jina langu litaingia orodha ya Marekani?" Mweh! Nilimwambia ukweli: UNHCR ndiyo inayopendekeza majina, nchi inayopokea ndiyo inayoamua, na kanisa halina kalamu hapo. Hakuonekana wiki tatu. Aliporudi, hakuja kutafuta orodha.

Kanuni za mwenendo za Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada, za mwaka 1994, zinasema msaada usitumike kueneza msimamo wa dini au siasa. Kwetu ikawa sheria ya nyumba: mwenye njaa apewe, awe Mwislamu au Mkristo, bila masharti.

Sheria hiyo ilipimwa Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi na safari zikafutwa. Kuna waliokuwa wameshauza vyombo vyao. Mwaka huohuo mgao wa chakula wa WFP ukakatwa vibaya kwa kukosa fedha za wafadhili. Huna ndege ya kumpa mtu, huna unga wa kumtosha. Unachobaki nacho ni kukaa naye.

Na ndoa je?

Hapa ndipo penyewe. Mume wangu alikuwa wa kila mtu: hodi saa nne usiku, simu saa kumi alfajiri. Ongeza joto la nyuzi 35 na zaidi, maji ya kubahatisha, na posho kutoka nyumbani ambayo mwezi mwingine haifiki. Nusura nipande basi la Kitale nirudi kwetu. Usiku mmoja nikamwambia wazi: "Baba, wakimbizi wana mchungaji. Mimi sina mume."

Alinyamaza kitambo, kisha akazima simu. Kesho yake akawaeleza wachungaji wa kambini, wakacheka na kumwambia walikuwa wanasubiri aombe. Tangu hapo Jumatatu ikawa yetu wawili, na wao wakashika zamu. Hakuna kilichoharibika.

Kama wewe na mwenzi wako mnafikiria safari ya namna hii, haya matatu msiyaruke:

- Wito uwe wa wote wawili. Anayefuata tu ndiye anayechoka kwanza.
- Wekeni akiba ya angalau miezi sita. Maombi hayalipi kodi ya nyumba.
- Chagueni siku yenu ya mapumziko kabla ya kufunga mizigo.

Tulipoondoka, ibada za Jumapili hazikupungua hata moja. Mchungaji mmoja Mrundi ndiye anayeongoza masomo ya jioni sasa, na mume wangu anasema anafundisha vizuri kuliko yeye. Mimi naamini.